Shangazi, nimalize mkataba Korea au nifunge virago?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26. Nilizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na wazazi wangu wakahamia Kanada nikiwa mdogo. Pasipoti yangu ni ya Kanada, na kwa pasipoti hiyo nimeajiriwa kufundisha Kiingereza Korea Kusini kupitia mpango wa serikali yao uitwao EPIK. Nilifika mwishoni mwa Februari, nikapangiwa shule ya msingi katika mji mdogo wa mkoa wa Gyeongsang Kusini. Nakuandikia wewe kwa sababu mama hataki tena kusikia habari za Korea isipokuwa habari ya kurudi, na rafiki zangu wa Edmonton, huko Kanada, wanaona nimepata bahati tu: nyumba ya bure, mshahara, na picha za miti ya cheri iliyochanua.

Maisha yenyewe si mabaya. Nimepewa chumba kimoja kisafi, sakafu inapashwa moto kutoka chini, mlango unafunguliwa kwa namba badala ya ufunguo. Basi linafika dakika iliyoandikwa kituoni. Usiku natembea peke yangu bila hofu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mahali pengine. Shuleni tunavua viatu mlangoni na kuvaa ndara, na hilo lilinifurahisha kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Watoto wananipenda, Shangazi, nami nawapenda. Wapo wanaonishika mkono na kuusugua waone kama rangi inatoka. Wapo walioniuliza kama chini ya mtandio nina nywele. Hao hawaniumizi.

Wanaoniumiza ni wakubwa. Wiki ya kwanza mwalimu mmoja anayejua Kiingereza vizuri aliniambia mbele ya wenzake, "Tulitarajia Mkanada." Nikamjibu kwamba mimi ni Mkanada. Akasema, "Ndiyo, lakini Mkanada halisi." Wengine wakainamia kompyuta zao. Sikuwa na la kusema, na mpaka leo nikiingia ofisi ya walimu nalisikia neno lile.

Kisha Ramadhani ilinikuta katika wiki hizohizo. Hapa walimu na wanafunzi hula chakula cha mchana pamoja, kwa hiyo nilikaa na darasa bila trei, kila mtoto akitaka kujua naumwa nini. Ukaja mlo wa jioni wa walimu wote, ule wanaouita hoesik, wa kuwakaribisha waliohamia shuleni. Mkahawa ulikuwa wa nyama ya nguruwe inayochomwa palepale mezani. Magharibi ilipoingia nikafungua kwa tende niliyoitia mkobani, na wakati huohuo mwalimu mkuu msaidizi akanyanyuka, akaja hadi nilipokaa, akataka kunimiminia soju, pombe yao kali. Nikafunika bilauri kwa kiganja. Meza nzima ikanyamaza. Tangu siku hiyo ananisalimu kwa mbali, au pengine mimi ndiye ninayeona hivyo.

Sasa swaumu imekwisha na napanga foleni ya chakula kama wengine, lakini sijui supu imepikwa na nini wala nyama ni ya mnyama gani. Nala wali na kimchi, ile kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili, vingine vinarudi, na mama wa jikoni anaangalia trei yangu kwa huzuni kila siku.

Halafu kuna ratiba. Mwalimu mwenza wangu ni mtu mwema, yeye ndiye aliyenipeleka benki na ofisi ya uhamiaji, lakini huniambia mambo yakiwa yameshafika. Naandaa somo la darasa la tano hadi usiku, asubuhi naambiwa la tano wamekwenda kupimwa afya na kwamba nitafundisha la tatu, kengele italia baada ya dakika kumi. Vipindi vikiisha, mchana wote tunakaa ofisini kimya mpaka saa kumi na nusu. Wakizungumza nami, ni kuniuliza nina umri gani, nimeolewa au la, na kwa nini bado.

Idd niliswali chumbani peke yangu, nikaenda kazini.

Mwenzangu mmoja tuliyehudhuria naye mafunzo ameshaondoka. Alisubiri mshahara uingie, akafunga virago usiku, asubuhi yuko uwanja wa ndege. Ananiambia nami nifanye hivyo. Shangazi, nivumilie mwaka mzima, au niondoke?

Wako,
Mwalimu wa Kigeni, Gyeongsang Kusini

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo neno la "Mkanada halisi". Hayo mengine yana dawa, na nitakupa, lakini naona hilo ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Mimi niliishi Daejeon, mji wa hukohuko Korea Kusini, wakati mume wangu akisoma huko, na mwanangu wa kwanza aliingia darasa la kwanza katika shule ya serikali, mtoto mweusi pekee shule nzima. Kwa hiyo shule za Korea nimezijua kwa upande wa mzazi anayesubiri getini. Huko, viza ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa wenye pasipoti za nchi saba tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Maombi ya kazi huambatanishwa na picha. Matangazo ya vile vituo vya masomo ya jioni, hagwon, kwa miaka mingi yamebandikwa uso wa Mzungu. Mtu aliyekulia humo akisikia "mwalimu kutoka Kanada" anamwona mtu fulani kichwani kabla hujashuka kwenye basi. Nakueleza hili ujue neno lile limetoka wapi. Halimwondolei kosa. Alikukosea, na alikukosea mbele za watu, na walioinamia kompyuta walijua hivyo.

Akirudia, au mwingine akisema mfano wake, jibu mara moja kwa sauti ya kawaida: "Nilizaliwa Kenya, nimelelewa Kanada, na mimi ni Mkanada." Basi. Usimweleze historia ya familia, usionyeshe pasipoti, usicheke ili kumpa nafuu. Jioni andika katika daftari tarehe, maneno yaliyosemwa, na waliokuwepo. Neno likigeuka kitendo, kwa mfano ukiondolewa kwenye somo la wazi ambalo wazazi huja kutazama, mpelekee daftari hilo mratibu wa walimu wa kigeni katika ofisi ya elimu ya mkoa. Yeye ndiye mwenye mkataba wako, shule imepangiwa tu.

Sitakudanganya kwamba sheria itakubeba. Korea mpaka sasa haina sheria moja ya jumla dhidi ya ubaguzi. Miswada imekuwa ikipelekwa bungeni tangu mwaka 2007 na haipiti. Lakini milango ipo. Zamani walimu wa kigeni walilazimishwa kupimwa virusi vya UKIMWI, wakati walimu Wakorea hawapimwi. Mwaka 2009 mwalimu mmoja kutoka New Zealand alikataa kupimwa tena, akanyimwa mkataba mpya. Hakupiga kelele ofisini. Alikusanya karatasi zake, shauri likafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi, na mwaka 2015 kamati ikasema alibaguliwa. Mwaka 2017 Korea ikafuta kipimo hicho. Wewe uliyeingia Februari hukuombwa kupimwa virusi hivyo kwa sababu yake. Kwa hiyo daftari lako usilidharau.

Kuhusu watoto, umeona sawa. Mwanangu alisuguliwa mkono hivyohivyo, na mwalimu wa darasa lake akafanya jambo ambalo nimemshukuru tangu siku hiyo: alileta ramani, akamwacha aonyeshe alikotoka, akawaambia wenzake waulize kila walichotaka mpaka maswali yakaisha. Nawe fanya somo kama hilo kwa kila darasa. Onyesha Edmonton kwenye theluji na Mombasa kwenye bahari, kwa Kiingereza chepesi wanachokimudu. Mtandio waambie nywele zipo, na kwamba hauguswi. Watoto wa Korea wakiambiwa mpaka uko wapi huushika vizuri sana, tena hulindana wenyewe.

Na maswali ya umri yasikuchome. Kikorea hubadilika kulingana na mkubwa na mdogo, na mtu asiyejua umri wako hajui akusemeshe vipi. Ni kama sisi tunavyohitaji kujua nani ampe mwenzake shikamoo. Swali la kuolewa ni la udadisi tu, na nyumbani kwetu ungeulizwa hilohilo na watu wengi zaidi. Jibu kwa ufupi, uulize nawe habari za watoto wao.

Sasa ile meza iliyonyamaza. Mkubwa kunyanyuka akakumiminia kinywaji ni heshima, na kufunika bilauri huko husomeka kuwa umemkataa yeye, si pombe yake. Hakujua, nawe hukuwa na lugha ya kumweleza. Usiende kuomba msamaha, kwa maana kushika dini yako si kosa. Mwombe mwalimu mwenza akufasirie maneno machache kwa mkuu msaidizi: kwamba ulikuwa umefunga tangu alfajiri, kwamba dini yako imekataza pombe na nyama ya nguruwe, na kwamba ulifurahi alivyokujia mwenyewe. Mambo hayo matatu yatamaliza kazi. Mlo ujao, bilauri yako iwe imeshajaa maji au soda kabla wakubwa hawajaanza kuzunguka. Wageni wengi hufundishwa kwamba kama hunywi, basi uwamiminie wengine. Sisi hata kumimina hatumimini, kwa hiyo tafuta huduma nyingine: wapitishie maji, sogeza visahani vya mboga karibu na wazee, toa na kupokea kwa mikono miwili. Hayo yote yanaonekana na yanahesabiwa. Na mwombe mwenza wako aseme mapema kwamba pakichaguliwa mkahawa wa samaki nawe utakula.

Chakula cha mchana ndicho kitakachokushangaza kwa urahisi wake. Kila mwezi shule hutoa orodha ya vyakula, na chini ya jina la kila chakula kuna namba ndogondogo. Ni namba za vitu vinavyodhuru baadhi ya watu, na ni zilezile nchi nzima. Namba 10 ni nyama ya nguruwe. Namba 9 ni kamba wa baharini, 15 kuku, 16 ng'ombe. Kuku na ng'ombe hao hawakuchinjwa kwa bismillahi, hapo uamuzi ni wako na dhamiri yako. Mimi mwanangu nilimwambia ale samaki, mayai, tofu na mboga. Pombe ya kupikia haimo katika namba hizo, lazima uulize. Bandika orodha ofisini kwako, zungushia duara kila penye 10, na siku hizo beba chakula chako. Lakini kwanza nenda na mwenza wako kwa mwalimu wa lishe, yule anayepanga vyakula vya shule, umweleze. Mama wa jikoni anahuzunika kwa sababu anadhani hupendi mkono wake. Akijua sababu, utamwona anakutafutia yai.

Ukishaeleweka, lete tende za kutosha ofisi nzima, ziweke mezani kwa wote, useme zilikuwa za Idd. Huko kuleta kitu cha kutafuna ofisini ni desturi, na watu hukumbuka nani alileta. Ila jihadhari na upande wa pili: kwa wazazi na wanafunzi usipokee kitu, hata kopo la kahawa. Sheria yao dhidi ya rushwa, iliyoanza kazi Septemba 2016, inawagusa walimu wote wa shule. Mtoto akikuletea zawadi, msifu, umrudishie kwa upole.

Ratiba nayo ipo, mwanangu. Nilikuwa naipokea mimi kila Ijumaa! Mtoto alirudi nyumbani na karatasi ya wiki ijayo: Jumatatu kipindi gani, lini kupimwa afya, lini safari, avae nini, abebe nini. Kila mwalimu wa darasa huiandaa kwa ajili ya wazazi. Mwenza wako hakufichi kitu. Pengine hajafikiria kwamba mwalimu wa Kiingereza naye anaihitaji. Mwombe akupatie za madarasa unayofundisha kila Ijumaa kabla hujatoka, uzipitishe kwenye programu ya kutafsiri ya Papago kwa kamera ya simu. Bado yatakuwepo mabadiliko ya asubuhi, kwa maana hata wao huambiwa asubuhi. Kwa hayo weka akiba ya somo moja la dakika 40 kwa kila ngazi, lisilohitaji kitabu.

Na huyo mwenza wako mtendee wema. Kupokea mwalimu wa kigeni, yaani nyumba, benki, uhamiaji, mtandao, mara nyingi huongezwa juu ya kazi zake zilezile. Mwulize habari zake mwenyewe, mbali na kazi.

Kuondoka usiku, hapana. Soma mkataba wako kwanza. Mikataba ya EPIK huwa na kipengele kwamba anayeacha kazi ndani ya miezi 6 ya mwanzo hurudisha posho ya kuingia aliyopewa. Kiinua mgongo, ambacho ni karibu mshahara wa mwezi mmoja, kwa sheria ya Korea hulipwa aliyetimiza mwaka. Michango yako ya pensheni, wewe kama Mkanada, unaweza kuidai yote ukiondoka nchini, na ni rahisi zaidi ukiondoka kwa utaratibu. Viza yako imefungwa kwa mwajiri huyo. Ukitaka shule nyingine lazima akuandikie barua ya kukuachia. Na kuna jambo la tatu ambalo halimo mkatabani: baada yako huenda ofisi hiyo ikaletewa faili la binti mwingine mweusi mwenye pasipoti ya Kanada, nao watakukumbuka wewe.

Kwa hiyo usiamue sasa. Muhula wa kwanza hukoma mwishoni mwa Julai. Fanya haya niliyokuambia hadi hapo, halafu ujiulize swali moja: je, wale wakubwa wamebadilika hata kidogo baada ya kuelezwa? Kama hapana, kama neno lile limegeuka mwenendo, andika notisi kwa muda ulioandikwa mkatabani, utoke miezi 6 ikiwa imetimia, ukiwa na karatasi zako zote. Hutakuwa umeshindwa na mtu. Hakuna mshahara unaolipia kudharauliwa kila siku, na mimi sitakuwa shangazi wa kumwambia mtoto avumilie hilo.

Upweke ndio usiusubirishe hadi Julai. Jumamosi hii panda basi uende Busan, ule mji mkubwa wa bandari. Upo msikiti wa Al-Fatah, tangu mwaka 1980, karibu na kituo cha Dusil kwenye treni ya chini ya ardhi, njia ya kwanza. Ukirudi pitia Gimhae, mji wenye wafanyakazi wengi kutoka Uzbekistan, Indonesia na kwingineko. Utapata nyama halali ya kugandisha, viungo, na mchele mrefu wa pilau. Nunua wa mwezi mzima, friji ya chumbani kwako itatosha. Utakutana na akina mama ambao wamelea watoto katika shule kama yako, na wao watakujulisha mambo ya mkoa huo ambayo mimi wa Daejeon siyajui.

Mama yako mpigie Jumapili, ukiwa umeshapika. Usianze na ofisi. Mwambie umepata wapi nyama, umeswali wapi na nani, na hiyo namba 10 umeizungushia duara. Ya "Mkanada halisi" mwambie pia, usimfiche, ila mwambie pamoja na jibu utakalolitoa. Na mwezi wa saba ukifika, niandikie umeamua nini.

Shangazi